Jozi Tatu za Dawa za Presha: Ipi Inakufaa?

"Ipi kali?"

Swali hili naulizwa karibu kila siku pale dirishani. Mtu ananipa cheti, nakisoma, namwekea boksi mbili kwenye kaunta, naye badala ya kufungua pochi ananitazama usoni. Jirani yake anameza kitu kidogo cheupe na presha imetulia. Shemeji yake wa Dodoma yuko kwenye dawa inayoanzia na "peri". Yeye kaandikiwa hizi. Sasa, mwanangu, ipi kali?

Nina miaka kumi na tatu nyuma ya dirisha la dawa hapa Morogoro, na kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa la kukwepa: kila mtu na mwili wake mama, fuata ulivyoandikiwa. Si uongo, ila halimsaidii mtu anayekwenda kumeza kidonge hicho kila siku hadi uzeeni. Siku hizi najibu, kwa sababu tangu 2019 jibu lipo, na lilitafutwa kwa watu kama sisi, kwenye nchi kama zetu. Ninaloandika hapa ni la kumfanya mtu aende kwa daktari na swali zuri mkononi. Atakayelisoma akaenda kubadili dawa zake mwenyewe sebuleni, hilo ni lake, mimi sijamtuma.

Kwa nini jozi

Utaratibu tuliouzoea ni wa kupanda ngazi. Unaanzishiwa dawa moja, presha ikigoma dozi inaongezwa, kwa mfano kidonge cha amlodipini cha miligramu 5 kinakuwa cha 10, kisha tunasubiri. Mwaka 2009 watafiti wa London, David Wald na wenzake, walijumlisha majaribio 42 yenye watu wapatao 11,000 wakakuta kwamba kuongeza dawa ya pili ya jamii nyingine hushusha presha kama mara tano zaidi ya kuongeza dozi ya ile ya kwanza. Mara tano! Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilifikiria wateja wangu wote niliokuwa nawapa 10 badala ya 5, miguu imevimba, presha iko palepale.

Ukiuelewa mshipa, hesabu hiyo haishangazi. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli inayojibana na kujiachia bila wewe kuiamuru. Kalsiamu ikiingia kwenye seli za misuli hiyo, inajibana, njia inakuwa nyembamba, presha inapanda. Amlodipini inazuia kalsiamu isiingie. HCTZ, yaani haidroklorothiazaidi, ile ya kukojoza, haianzi na mshipa bali na figo: inaifanya iachie chumvi, na maji yakafuata chumvi. Perindoprili na ndugu zake, enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, zinaingilia amri yenyewe. Figo hutoa renini, renini huanzisha mnyororo unaoishia kwenye homoni iitwayo angiotensini ya pili, na homoni hiyo hubana mishipa na kuifanya figo ing'ang'anie chumvi. Prili inakata mnyororo huo katikati.

Ukiziba njia moja tu, mwili unatafuta nyingine. Mpe mtu HCTZ peke yake: figo ikiona chumvi inapotea inamwaga renini zaidi, mishipa inabanwa upya, sehemu ya faida imeliwa. Kwa hiyo jozi nzuri ni ile ambayo mmoja anafunga mlango wa mbele na mwenzake yuko mlango wa uani.

Swali likabaki: jozi ipi?

Jaribio la nchi sita

Kwa miaka mingi mengi tuliyojua kuhusu dawa za presha kwa watu weusi yalitoka Marekani. Jaribio kubwa la ALLHAT, lililotoa matokeo mwaka 2002, lilikuwa na watu 33,357, na kama theluthi yao walikuwa Wamarekani weusi. Humo ndimo ilipoonekana kwamba weusi walioanzishiwa lisinoprili walipata kiharusi kwa asilimia 40 zaidi ya weusi wenzao walioanzishiwa klorthalidoni, dawa ya kukojoza ya ukoo mmoja na HCTZ. Somo kubwa. Lakini mtu wa Chicago si mtu wa Kilosa. Chakula chake, kazi yake, hata hatua anayogundulikia presha ni tofauti. Na pale zilishindanishwa dawa za kuanzia, moja moja, si jozi.

Jaribio la CREOLE ndilo lililoziba pengo hilo. Lilifanyika Nigeria, Kameruni, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Dike Ojji wa Abuja ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waandishi. Elijah Ogola wa Chuo Kikuu cha Nairobi yumo. Bongani Mayosi wa Cape Town, mmoja wa nguzo za kazi hiyo, alifariki Julai 2018, matokeo hayajatoka. Walichukua watu weusi 728 wa umri wa miaka 30 hadi 79, presha yao 140/90 au zaidi, hawamezi dawa au wanameza moja tu. Wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja likapewa amlodipini na HCTZ, la pili amlodipini na perindoprili, la tatu perindoprili na HCTZ. Baada ya miezi miwili dozi ikaongezwa mara mbili.

Kilichonivutia mimi ni namna walivyopima. Presha ya kliniki sote tunaijua. Mtu kashuka kwenye bodaboda, kakimbilia foleni, mkanda umefungwa juu ya mkono wa shati, mkono unaning'inia, na anaulizwa namba ya simu huku mashine inajaa upepo. Namba inayotoka hapo ni ya safari yake, si ya mishipa yake. CREOLE waliwavalisha watu mashine inayojipima yenyewe kwa saa 24, mchana na usiku, mwanzoni na baada ya miezi sita.

Watu 621 walipimwa mara zote mbili. Jozi mbili zenye amlodipini zilishusha namba ya juu kwa kama milimita 3 za zebaki zaidi ya jozi ya perindoprili na HCTZ. Baina ya hizo mbili zenye amlodipini tofauti ilikuwa milimita 0.14. Ngoma droo.

Najua utasema milimita tatu ni nini. Uchambuzi uliochapishwa 2021, uliokusanya watu 344,716 kutoka majaribio 48, ulionyesha kwamba kila milimita 5 unazoshusha kwenye namba ya juu zinapunguza matukio makubwa, kiharusi, shambulio la moyo, moyo kushindwa kazi, kwa kama asilimia 10. Tatu za kila saa, kwa miaka ishirini, kwa kidonge ambacho ungemeza hata hivyo, mimi nazichukua.

Maelezo ya kwa nini prili inabaki nyuma mara nyingi yanarudi kwenye renini. Watu wengi weusi wenye presha wana renini ndogo. Mwili wao unashikilia chumvi bila kuhitaji mnyororo ule. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa ya kukata mnyororo, kuna kidogo cha kukata. Wengi, nimesema. Si wote, na kuna watu ambao hesabu hii haiwahusu kabisa, nitawafikia.

Amlodipini na HCTZ

Kama mtu ana presha tu, hana kisukari, figo nzima, hana jongo, hii ndiyo jozi ningeanza kumuuliza daktari. Zote mbili ni dawa za zamani, zinapatikana hata kwenye duka la dawa la kijijini, na zote mbili zinafanya kazi kwa mtu mwenye renini ndogo. Amlodipini ina sifa moja wateja wangu hawaijui: inakaa mwilini muda mrefu, inachukua saa 30 hadi 50 nusu yake kuondoka. Ukisahau leo, kesho bado una akiba. Si ruhusa ya kusahau, lakini kwa mtu anayelala shambani msimu wa palizi, ni afadhali dawa inayosamehe.

HCTZ nayo ina mambo yake. Wiki za mwanzo unaenda chooni, kisha mwili unazoea. Shida ni kwamba watu wengi hawasubiri uzoee. Kuna dereva wa basi la Dar aliyeniambia bila kuona haya kwamba siku ya safari hamezi. Akawa na safari siku tano kwa wiki. Nilimwambia amweleze daktari ukweli huo, maana daktari alikuwa anaongeza dozi ya dawa ambayo mtu hamezi. Huyo, kwa maisha yake, jozi bila HCTZ ilimfaa zaidi, hata kama kwenye karatasi ni sare.

Pia inapoteza potasiamu. Miguu kukaza usiku, uchovu usioelezeka, moyo kurukaruka: mwenye HCTZ akiwa na hayo apimwe damu. Inapandisha kidogo sukari, na inapandisha ile asidi inayoleta jongo. Ukiwa umewahi kuamka kidole gumba cha mguu kinawaka kiasi kwamba hata shuka linauma, HCTZ si rafiki yako.

Wanaofuatilia mambo huniuliza kama klorthalidoni si bora kuliko HCTZ. Wengi walidhani hivyo, na mimi nilidhani. Mwaka 2022 jaribio la watu 13,523 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wanajeshi wastaafu wa Marekani, halikukuta tofauti kwenye viharusi wala mshtuko wa moyo, ila klorthalidoni ilipoteza potasiamu kwa watu wengi zaidi. Kwa hiyo usihangaike kuitafuta mji mzima.

Amlodipini na perindoprili

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mama yangu alipo.

Mama alianzishiwa amlodipini peke yake, ikapandishwa mpaka 10. Baada ya mwezi mmoja na nusu akaanza kuvaa kandambili badala ya viatu. Nilimkuta jioni moja amekaa barazani, miguu kwenye kigoda, na nilipobonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba kikabaki kishimo. Nikahesabu hadi kumi bado kipo. Jirani alishasema ni figo. Kituo alichokwenda, sikitaji, kikamwongezea dawa kali ya kukojoza, furosemaidi, ile watu wanayoiita Lasix. Miguu haikupungua ya maana. Ila sasa alikuwa anaamka usiku mara nne, na misuli ya miguu inakaza hadi analia. Dawa ya tatu ikaandikwa kwa ajili ya misuli.

Mkosi huu una jina kwa watafiti, wanauita msururu wa maandikio: dawa inaleta dalili, dalili inadhaniwa ni ugonjwa mpya, inaandikiwa dawa nyingine. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa 2020 ulionyesha kwamba wazee walioanzishiwa dawa za jamii ya amlodipini waliandikiwa dawa za kukojoza za aina ya furosemaidi zaidi ya wenzao ndani ya siku 90. Kwa hiyo si zahanati zetu tu.

Na sababu ya Lasix kutosaidia iko tena kwenye mshipa. Amlodipini inaachia mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haiachii vilevile ile inayoirudisha. Damu inaingia kwa wingi kwenye vimishipa vya katikati na kutoka kwake ni kwa shida, presha ya humo inapanda, maji yanavuja kwenda kwenye nyama, na kwa kuwa tunasimama na kukaa mchana kutwa, yanateremka miguuni. Mwili hauna maji ya ziada. Maji yamekaa pasipo pake. Kukojoza hakuyarudishi. Prili inaachia pia upande wa kurudi. Ndiyo maana mtu anayemeza amlodipini pamoja na prili, au na losatani, dawa inayokata mnyororo uleule wa renini, miguu huvimba kidogo kuliko anayemeza amlodipini peke yake.

Hili ndilo linalotenganisha hizi jozi mbili zilizotoka sare. Mashine ya saa 24 haikuona tofauti, lakini miguu inaiona. Daktari mwingine alimshusha mama hadi amlodipini 5, akafuta Lasix, akamwongezea losatani. Wiki ya tatu alivaa viatu vyake vya kanisani.

Kwa nini losatani na si perindoprili? Kikohozi. Prili zinaleta kikohozi kikavu, cha kukwaruza, hasa usiku, kwa watu si haba, na mama alishakuwa na enalaprili zamani akapimwa TB mara mbili. Losatani na jamii yake hukata mnyororo uleule hatua moja mbele, bila kikohozi. (Kuna mzee mmoja mlokole alinirudishia boksi kwa sababu ya jina. Satani? Hapana, mwanangu.) CREOLE haikupima losatani, kwa hiyo sisemi imethibitishwa na jaribio lilelile, ninachosema ni kwamba ndiyo njia ya kawaida madaktari wanayopita mtu akikohoa.

Kikohozi ni usumbufu. Kuna kingine ambacho ni hatari: kuvimba midomo, ulimi, uso, ghafla, hata baada ya miezi mingi ya kumeza prili bila shida. Ni nadra, lakini kwa watu weusi hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Mwenye prili akiamka mdomo umejaa kama kang'atwa na nyuki, hamezi tena, anakimbizwa hospitali, na asirudi kwenye jamii hiyo maisha yake yote.

Halafu wanawake. Prili na satani, yaani losatani na jamii yake, zinaharibu figo za mtoto tumboni. Mama wa miaka 32 mwenye presha, ambaye bado anataka mtoto au hana uhakika, hii si jozi yake, wala ile ya tatu, hata kama namba zinapendeza. Mjamzito ana dawa zake, methildopa, nifedipini ya kutoka taratibu, labetaloli. Hili naliuliza dirishani hata kama foleni imefika barabarani, na mara mbili nimemrudisha mtu kwa daktari.

Perindoprili na HCTZ

Hii ndiyo iliyoshindwa, na kama unaimeza kwa presha tupu, uliza kwa nini. Kuna majibu mazuri mawili matatu: miguu yako haikuivumilia amlodipini hata kwa dozi ndogo, au moyo wako umechoka na prili ni sehemu ya dawa za moyo huo. Jibu la "ndiyo iliyokuwapo" nalo ni jibu, lakini la mwezi mmoja.

Wale ambao hesabu haiwahusu

Wenye kisukari chenye protini kwenye mkojo, na wenye figo zilizoanza kuchoka. Hapa rangi haiamui. Jaribio la AASK, lililokamilika 2002, lilichukua Wamarekani weusi 1,094 ambao presha ilishawaharibu figo. Ramiprili iliwalinda figo vizuri zaidi kuliko amlodipini. Weusi walewale ambao prili "haiwafai". Kwa hiyo mtu akikuambia watu weusi wasipewe prili, hajasoma yote. Kwenye jozi ya mtu wa figo, prili au satani lazima iwemo, na amlodipini inakuwa mwenzake, ikiwa na kipimo cha damu cha potasiamu na kreatinini (inayoonyesha hali ya figo) wiki chache baada ya kuanza. Bila kipimo hicho ni kuendesha gari usiku taa zimezimwa.

Na atenololi

Dawa hii ya kupunguza mapigo ya moyo bado naiuza nyingi, kwa watu walioanzishiwa miaka ya tisini na hawajawahi kuulizwa tena. Kwa presha tupu siku hizi haianziwi. Inapunguza mapigo zaidi ya inavyolinda ubongo na kiharusi. Kama ulipewa kwa sababu ya moyo, mapigo kwenda mbio au mengine, hiyo ni habari nyingine. Ila usiikate ghafla. Atenololi ikiachwa kwa siku moja moyo unaweza kulipuka mbio. Hupunguzwa taratibu na aliyeiandika.

Jozi kwenye kidonge kimoja

Shirika la Afya Duniani liliziingiza jozi za namna hii, zikiwa kidonge kimoja, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mimi ni shabiki, na sababu yangu haina sayansi: naona boksi zinazorudi nusu. Mwenye boksi mbili humaliza moja, nyingine inabaki, kisha ananiambia "ile nyekundu sikuielewa." Kidonge kimoja hakina cha kubagua. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kupunguza mmoja kwa sababu ya miguu, inabidi ubadili chote, na bei yake mahali pengi bado iko juu ya vidonge viwili vikinunuliwa mbalimbali. Mwenye kulipa mfukoni, anunue viwili avimeze pamoja. Kidonge cha bei ghali kinachoisha tarehe 20 ni kibaya kuliko viwili vya bei nafuu vinavyofika tarehe 30.

Abuja wamekwenda mbele zaidi. Ojji huyohuyo na wenzake walitangaza mwaka 2024 jaribio la watu 300 wa Nigeria: nusu walifuata mwongozo wa kawaida wa nchi unaoanza na amlodipini, nusu wakapewa kidonge chenye dawa tatu kwa dozi ndogo mno, telmisatani (ya jamii ya satani), amlodipini na indapamaidi (ya kukojoza), ya kuanzia ilikuwa na amlodipini miligramu 1.25 tu, robo ya ile tuliyozoea kuanzia. Baada ya miezi sita presha ya kupimwa nyumbani ilishuka kwa milimita 31 kwa hao, na 26 kwa wenzao. Kidonge hicho sina dirishani. Lakini fikra yake unaweza kuitumia leo: dozi ndogo za dawa mbili tatu zinashinda dozi kubwa ya moja, na madhara mengi yanatokana na dozi kubwa.

Asubuhi au usiku

Ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba dawa ya presha imezwe usiku la sivyo ni kazi bure. Uingereza walilipima jambo hilo kwa watu 21,104, wakatoa matokeo 2022: baada ya miaka zaidi ya mitano, waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa sababu ya mishipa walikuwa asilimia 3.4 kwa wamezaji wa usiku na 3.7 kwa wa asubuhi, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Meza saa unayoikumbuka. Mwenye HCTZ ameze asubuhi, kwa ajili ya usingizi wake.

Dawa ikiisha dukani

Jozi yako nzuri na stoo yangu si lazima zikubaliane. Kuna miezi perindoprili inakauka mkoa mzima. Hapo daktari anaweza kukuhamishia enalaprili, lisinoprili au losatani, na dozi haifanani miligramu kwa miligramu, kwa hiyo usikubali mtu akubadilishie kaunta kwa kukisia, hata akiwa mimi. Kosa ninalolikuta zaidi ni mtu kupewa losatani mpya huku ile enalaprili ya zamani bado iko kabatini, naye anameza zote, maana "zote ni za presha". Mwaka 2008 jaribio la ONTARGET, watu zaidi ya 25,000, lilionyesha kwamba prili na satani pamoja haziongezi kinga, zinaongeza madhara ya figo. Ya zamani irudishe dirishani.

Amlodipini ikiisha, mbadala wake ni nifedipini ya kutoka taratibu. Si ile ya haraka ya kapsuli, na hasa si ile ya kupasuliwa na kudondoshewa chini ya ulimi mtu akikutwa na 200 kwa 110. Presha ikianguka ghafla namna hiyo, ubongo na moyo vinakosa damu. Watu wamepata kiharusi kwa tiba hiyo. Bado naletewa vyeti vyake. Navirudisha, nampigia simu aliyeandika, na mteja wangu anakaa kwenye benchi ya mbao pembeni ya dirisha, dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, mkanda kwenye ngozi tupu. Mara nyingi 200 inakuwa 170.

Tunaanzia hapo.